Redio Haiwaki na Baba Yako Hataki Fundi

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya mabati,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii. U mzima? Kile kikohozi kiliisha? Unakula vizuri au unadanganya tumbo kwa chai? Sisi huku bibi yako mzima, ila magoti yanamsumbua na lawama anaitupia baridi. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima pia. Mdogo wako wa kike mzima, tumbo limeshuka, tunangoja siku yake tu. Baba yako ni mzima wa mwili. Hapo ndipo penye maneno, nami nitakwenda taratibu, maana nikirukia mwisho nitachanganya mambo.

Ile redio kubwa uliyotununulia, yenye spika mbili, iligoma kuwaka. Jioni iliimba vizuri, asubuhi nabonyeza, kimya. Hata ile taa yake nyekundu haikuonekana. Nikachomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikapata moto. Nikaihamishia redio chumbani kwa bibi yako, kimya vile vile. Nikasema basi, umeme hauna kosa, hapa kuna mkono wa mtu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa mpangaji wetu, yule mpiga pasi. Unamjua alivyo, sauti ikipanda kidogo anagonga ukuta. Na sebuleni huingia anapotaka, mara anaazima birika, mara kiberiti. Nikaacha kuitikia salamu zake. Alipouliza amenikosea nini nikamwambia ajiulize mwenyewe.

Kisha nikamgeukia shangazi yako, maana ndiye anayeifuta vumbi kwa kitambaa kibichi hata nikisema nini. Akanijibu, "Wifi, mkono huu umelea watoto wa ukoo mzima na haujaua hata mmoja, uje uue redio?" Tukanuniana.

Lakini mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Baba yako, mtu asiyeweza kumeza tonge bila taarifa ya habari, hakulalamika hata kidogo. Kila nikisema niite fundi, ananiambia, "Iache ipumzike, mama watoto, nayo imezeeka." Redio ya mwaka juzi imezeeka! Halafu akaanza kwenda kwa kinyozi kila jioni. Kwa nywele zipi? Kichwa kile kinang'aa kama sahani. Nikuficheje, nilishaamini kuna mwanamke huko, na fedha ya fundi ndiyo anayomhonga.

Jana jioni alipotoka tu, nikamwita fundi wa redio. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mikono yake, maana mafundi nawajua, redio huingia na moyo wake ikatoka na moyo wa redio ya jirani. Yeye wala hakuifungua. Alianza na plagi, akailegeza kwa bisibisi, kisha akaniangalia.

"Mama, humu hamna fyuzi."

Nikamuuliza kama imeungua.

"Ikiungua huwa inabaki humu humu. Hii imetolewa. Na aliyeitoa ni mtaratibu, skrubu zote kazirudisha."

Akatia nyingine, taa nyekundu ikawaka, redio ikaanza kuimba. Fundi alipoondoka, baba yako akaingia. Hata viatu hakuvua. Akaenda moja kwa moja akaizima, akabaki ameiwekea kiganja juu kama mtu anayezuia mlango. Nikamuuliza fyuzi iko wapi. Akaitoa mfukoni mwa shati.

"Kiwanda anachofanyia kazi mtoto wetu kimeungua," akasema. "Walitangaza usiku, mmeshalala, kuna waliofia ndani, majina bado. Nikaona niyasikie mimi kwanza, kule kwenye redio ya kinyozi, ndipo nije nikwambie."

Nilitaka kumgombeza, nikajikuta namsogezea kigoda akae. Mwenzangu alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, na mimi namtafutia mwanamke.

Sasa redio inawaka tangu alfajiri. Tumekaa wote mbele yake, shangazi yako katikati yetu. Majina hawajayataja. Hakuna anayethubutu kuizima, na hakuna anayethubutu kuiongeza sauti. Namba yako tunaipiga, haiiti. Yule mpiga pasi niliyemnunia ndiye aliyenitafutia dereva wa lori anayekuja huko kesho, na yeye ndiye mwenye kukuletea barua hii.

Bibi yako anakusalimu. Shangazi yako anakusalimu na kusema anakusubiri umtetee. Mdogo wako anasema mtoto hapewi jina mpaka mjomba wake aseme. Baba yako amekuja mara mbili kuuliza kama nimeandika salamu zake. Nimeziandika, hizi hapa.

Mungu akufunike, mwanangu, kwa nguo ambayo moto hauijui.

Wako akupendaye bila kuchoka,

Mama.

Dereva nimemwambia asigeuze lori bila karatasi yako. Andika haraka, hata neno moja, lakini kwa mkono wako wewe, usimpe mwenzako akuandikie. Mwandiko wa watu wengine kuusoma kunanipa taabu, ila wako naujua.