Shupaza Tatu za Mwenyekiti

Kaka yangu Hamisi,

Namwandikia mtu ambaye hatasoma, na pengine ndiyo maana nimeweza kuanza. Ungekuwa hai ningeahirisha tena. Kuna jambo la ule mkutano wa duka ambalo sikukuambia miaka yote, na juzi nimemwambia mwanao Shabani. Wewe ndiye uliyestahili kulisikia kwanza, kwa hiyo nakuandikia nawe, ingawa nimechelewa.

Unazikumbuka Jumapili zetu Mchafukoge, kule ghorofani kwa Bwana Fransisi fundi cherehani na mkewe? Wewe ndiye uliyenifundisha briji. Kariakoo nzima walikushangaa: mtu wa Lindi, mtunza ghala, anacheza karata za makarani, tena na mdogo wake wa kike! Barazani kwetu watu walicheza wahedi wasitini wakipigiana kelele, sisi kwa Fransisi tulikaa kimya kama wanafunzi kwenye mtihani. Nilizipenda sana siku zile.

Fransisi alikuwa mchokozi. Briji inataka wenza waelezane polepole nani ana nini, kwa kutaja: moja, kisha mbili, mpaka mfike mnapopaweza. Yeye akipata shupaza saba na takataka tupu, anaruka hapo hapo: "Shupaza tatu!" Basi, ngazi za chini zote zimekwisha. Ukitaka kusema neno lazima uanzie juu, bila kujua mwenzako ameshika nini, na ukikosea unaumia. Mimi nilikuwa mwoga, nasema tu, "Napita." Siku moja nilipita nikiwa na ree tatu, karata za juu kabisa, na kishupaza kimoja. Mke wa Fransisi akapita, nawe ukapita, kutaja kukaisha. Ree zangu zilipoanguka mezani moja baada ya nyingine, ulivua miwani.

"We Zainabu, ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani zamu itarudi."

"Hairudi. Tukipita watatu, imetoka hiyo. Ameruka juu kwa sababu mkono wake mbovu, anataka tufunge midomo. Ukiwa na nguvu sema dabo, nami nitajua unaniambia nitaje changu. Ukiwa na kopa sita za maana, taja kopa nne, liwalo na liwe. Mara mojamoja tutaanguka. Sasa wewe mwenye ree ukinyamaza, mimi huku nitajuaje?"

Fransisi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilinuna njia nzima mpaka nyumbani.

Ukaja mwaka ule wa sukari ya foleni. Wewe ghalani, mimi kaunta, katika duka lile lile la ushirika la mtaa wetu. Magunia manne yakakosekana. Mwenyekiti wa kamati ya duka akaita mkutano asubuhi, mbele ya duka, wafanyakazi na wanachama pamoja. Hakuanza kwa kuuliza. Alisimama akasema, "Ndugu zangu, mwizi ni mtunza ghala. Na atakayemtetea, tutajua wamekula wote. Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nalo, kaka. Alhamisi iliyotangulia ulikuwa umempeleka Shabani zahanati na homa yake. Mwenyekiti alikuja na ufunguo wa kamati, akapakia magunia manne kwenye pikapu. Aliniona nikimtazama. "Ya kamati hayo, binti, usijisumbue," akasema. Nikaamini, nikaendelea kufunga vitenge.

Pale mkutanoni ndipo nilipoelewa. Na nilielewa pia alivyotufanyia. Ningeweza kuanza kwa upole, kuomba daftari la ghala lisomwe, kuuliza nani mwingine ana ufunguo. Hayo yote alikuwa ameshayafunga kwa sentensi moja. Nikifungua mdomo, mimi ni mwizi wa pili. Nikatazama nyuso za watu wazima, nikajiambia mmoja wao atasema, kisha nami nitaingia. Hakusema mtu. Ulinitazama mara moja, halafu ukatazama viatu vyako, na kikao kikafungwa.

Ulifukuzwa siku ile ile. Mwezi haukuisha mkaondoka, wewe, wifi yangu mama Shabani, na mtoto. Nilikuja kuwaaga kituoni. Ukanishika bega ukasema, "Usijilaumu. Ungekuwa na kitu ungesema, nakujua."

Nikakujibu, "Ndiyo, kaka."

Ile ndiyo inaniuma kuliko kimya changu chote. Mkutanoni niliogopa watu. Kituoni tulikuwa wawili tu, na bado nikakuacha upande basi hujui. Jina la mwizi lilikutangulia Lindi, hukuaminiwa tena hata kushika funguo za msikiti. Mwenyekiti yeye alizeekea Magomeni, anapewa kiti cha mbele kila shughuli. Alipokufa nilikwenda mazikoni, nikala pilau yake.

Juzi Shabani amekuja. Nywele zimeanza mvi, sauti yako kabisa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba."

Hakuzunguka. "Nataka kujua kitu kimoja. Baba aliiba?"

"Hakuiba."

"Unajuaje?"

Nikamwambia: pikapu, magunia, mkutano, kituo cha basi. Sikujipunguzia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mimi nilikuwa na minne," akasema. Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Nampigia simu, hapokei. Pumzika, kaka. Sikuombi msamaha, maana huwezi kunijibu, na anayeweza kunijibu hataki.

Ni mimi mdogo wako,
Zainabu