Safari ya Bibi Shumbu

Karatu, 8 Februari 1976

Mwanangu Leonida,

Pokea salamu zetu zote, zangu, za mama yako na za ng'ombe. Sisi wazima, ila mama yako miguu inavimba tena, na akipanda kutoka kisimani anapumzika mara tatu. Wewe huko Malambo unaendeleaje na watoto wa watu? Na lile vumbi je?

Kitabu nimekipata. Nakushukuru, maana vile vitabu vya kisomo cha watu wazima vimenichosha. Kila ukurasa vinanifundisha kupanda mahindi kwa mstari, na mimi mahindi nimeyapanda tangu mwandishi wake hajazaliwa. Hiki kina watu. Jioni baada ya kukamua nasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari, na mama yako anachambua maharage huku akinigombeza nikikwama.

Sasa nikueleze ninavyowaona hawa watu. Malkia Tarima wa Nchi ya Chini, anayeiba sauti za watu na kuzifungia ndani ya vibuyu, simpendi hata kidogo. Mama yako ananibishia. Anasema mtu aliyejaza nyumba yake sauti za wengine ni mtu asiye na wa kuzungumza naye. Zuhudi, mlinzi wa lango, ni mvivu, analala kazini. Ndimila ana moyo: msichana wa umri ule kushuka peke yake shimoni kwenda kuidai sauti yake! Lakini anawajibu wakubwa ovyo, na hapa nyumbani tunajua anafanana na nani.

Anayenivutia zaidi ni mama yake. Sura ya nne wameandika, "Bibi Shumbu aliaga dunia kabla ya kumwona tena binti yake." Nimemsifu sana. Mtoto yuko Nchi ya Chini, basi mama naye ameiaga dunia hii ya juu, ameshuka kumfuata. Hakungoja kuitwa. Ila hawasemi amebeba chakula gani wala amepita njia ipi. Mama yako ananiuliza kila siku, "Shumbu hajafika tu?" Namwambia bado yuko njiani.

Mimi baba yako,
Marseli

Malambo, 27 Februari 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua. Mimi mzima. Nilishikwa na homa siku mbili, imeniachia. Darasa langu sasa lina watoto hamsini na wawili, na wengine wakipotea siku za kuhamisha mifugo nabaki na nusu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya mwisho nilimsomea mwalimu mwenzangu, Naisula, naye anasema angependa kuja kukaa na Mama wachambue maharage wakimsema Malkia Tarima. Mimi nilipokisoma kile kitabu chuoni sikuwahi kumhurumia. Mama ameniwahi. Zuhudi usimhukumu haraka.

Kuhusu Bibi Shumbu nilianza kukuandikia jambo, nikalifuta. Endelea tu kusoma. Nimempenda zaidi kwa jinsi unavyomwona wewe kuliko nilivyompenda mwenyewe.

Ila hiyo miguu ya Mama hainipi raha. Mama mdogo Ester si alisema aende akae kwake Mbulu, awe karibu na hospitali? Mshawishi, tafadhali. Mwambie ni mimi ninayeomba.

Binti yako,
Leonida

Karatu, 4 Aprili 1976

Mwanangu Leonida,

Salamu nyingi kutoka kwenye matope. Mvua imetukubali mwaka huu. Mimi sijambo. Mama yako siku nyingine hajambo, siku nyingine anakohoa mpaka anashika ukuta.

Habari za hapa ni kidogo. Jirani Inosenti ameaga dunia, kahamia Babati na mke na kuku wote. Mimi nami juma lililopita niliaga dunia siku mbili, nikaenda Arusha kutafuta dawa ya kupe. Unaona jinsi kitabu kinavyoninyooshea Kiswahili? Zamani ningesema "nilisafiri" tu, kama mtu yeyote.

Nimefika sura ya tisa na Bibi Shumbu hajatokea. Ndimila amelala njaa mara mbili, na mama yake hajulikani yuko wapi. Nilitaka kumkasirikia, mama yako akanikataza. Anasema mwanamke aliyeaga hajapotea, amechelewa tu, labda naye miguu inamuuma. Na Zuhudi, kumbe halali! Anafumba macho kusudi watu wapite, asije akaulizwa na malkia akasema uongo. Mama yako alilijua hilo tangu mwanzo na hakuniambia. Nimemwomba Zuhudi msamaha kwa sauti, mama yako akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Kuhusu Mbulu, mama yako anasema ataenda ng'ombe akishazaa. Siku akiaga dunia kwenda kwa Ester nitakuandikia siku hiyo hiyo. Anakuuliza unakuja lini. Amelirudia neno hilo, nami nalirudia.

Baba yako,
Marseli

Malambo, 21 Aprili 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo nyingi kwenu wote wawili. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo, Mama asiambiwe.

Nimecheka habari za Inosenti mpaka nikafuta machozi, na kuku wake pia! Mwambie Mama nakuja. Mwezi wa sita, shule zikifungwa tu, na mimi nitaaga dunia nije kwenu, nikae wiki tatu nzima. Anichagulie maharage yale mekundu.

Aende Mbulu, Baba. Ng'ombe hata wewe unaweza kumzalisha.

Binti yako,
Leonida

Karatu, Jumatano, 19 Mei 1976

Leonida mwanangu,

Mama yako Rozalia ameaga dunia leo alfajiri.

Barua hii naiacha dukani aichukue dereva wa lori la ushirika. Atalala Malambo, Ijumaa anarudi. Panda lori hilo hilo uje. Tunakungoja.

Baba

Malambo, Alhamisi, 20 Mei 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, Wilibrodi anaondoka na lori kesho kabla hakujakucha.

Hatimaye! Nilipofungua barua yako nilipiga kigelegele, Naisula akatoka mbio akidhani nimepata mchumba. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba Mama atakubali kutoka hapo nyumbani. Na alfajiri, bila shaka kwa lile basi la Mbulu, na kikapu chake, akiwagombeza watu wote wa kiti cha mbele. Ester atamlisha vizuri, na hospitali iko jirani. Usiku huu nitalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Ila wewe, Baba! Amekuacha siku moja tu na tayari unanitumia lori? Pika ugali wako, umsomee ng'ombe sura ya kumi. Siwezi kutoka sasa, mkaguzi wa shule anakuja Jumatatu na Mwalimu Mkuu hataki kusikia neno ruhusa. Mwezi wa sita si mbali. Akikuandikia kutoka Mbulu niambie anaendeleaje.

Mwanao anayekucheka kwa upendo,
Leonida

Malambo, 31 Mei 1976

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nastahili kuuliza habari zenu.

Jana lori lilirudi. Wilibrodi alishuka, akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, pole sana na msiba wa mama." Nilimjibu kwamba amekosea mtu. Akasema alipita nyumbani Ijumaa ile kuleta barua yangu na akakuta watu wamejaa uani. Barua yako aliikuta kwenye kaunta ya duka, hakuna aliyemwambia ndani yake mna nini. Niliendelea kumbishia. Mpaka Naisula akanishika mkono.

Baba, nilidhani unatumia neno lile kama ulivyolitumia siku zote. Nilijua tangu Februari kwamba umelielewa vibaya. Kuaga dunia ni kufa. Bibi Shumbu alikufa sura ya nne. Sikukuambia kwa sababu mlikuwa mnamngojea kwa raha, wewe na Mama, na mimi hapa nilikuwa nakula raha hiyo hiyo. Nikalifanya mzaha. Nikakuandikia na mimi nitaaga dunia nije. Mungu wangu.

Mama yangu amezikwa huku mimi nimeandika habari za kikapu. Nilikuwa na lori mlangoni na sikupanda.

Wilibrodi anarudi kesho. Ningeweza kwenda naye badala ya kumpa karatasi. Naogopa, Baba. Sijui nitaingiaje pale uani, na watu watanitazamaje. Niambie nije au nisije.

Leonida

Karatu, 3 Juni 1976

Mwanangu Leonida,

Salamu. Mimi nipo. Ng'ombe amezaa dume, mzima.

Nianze na hasira, niimalize. Nilikukasirikia siku nyingi. Ijumaa ile tulikungoja mpaka saa kumi na kaburi liko wazi, na wazee wananiuliza kwa macho. Kisha lori likasimama, akashuka Wilibrodi peke yake na barua. Watu wote wakasema, isome, Marseli, tusikie binti anasema nini. Nikaifungua. Nikaisoma kimya mpaka mwisho. Kisha nikawasomea kwa sauti kwamba unalia sana, mto umejaa, lori linavuka kwa hatari na halichukui abiria, tuendelee bila wewe. Basi hakuna atakayekutazama vibaya. Wanajua mto ulikuzuia.

Nilipoyaona yale maneno ya kikapu nilidhani mwanangu amerukwa na akili. Sasa nimeelewa. Mimi nilikuwa nimeshajifunza maana ya neno lile. Ile barua yako ya Aprili niliipeleka darasani kwetu kwa kisomo kujivuna nayo, nikampa Mwalimu Bartolomeo anayetufundisha aisome. Uso ukambadilika. Akaniuliza, "Mzee, binti yako ni mgonjwa? Anaandika atakufa mwezi wa sita." Ndipo akanieleza, na darasa zima linasikia. Niliona aibu kukuandikia. Nikasema akija nitamwambia, tutacheka. Kwa hiyo kosa si lako peke yako. Wewe ulininyamazia, na mimi nikakunyamazia.

Lakini la Shumbu sikumwambia mama yako. Yeye alikuwa bado anamngojea. Jumanne, siku ya mwisho, hakuweza kukaa, nikamwegemeza kwenye mto. Akaniuliza Shumbu amefika wapi. Kitabu kilikuwa mapajani. Nikaweka kidole kwenye mstari kama kawaida, nikasoma yasiyokuwamo. Nikasoma kwamba Shumbu alimkosa binti huko chini, walipishana njiani, akageuka kurudi juu. Alipita langoni, Zuhudi akafumba macho. Alitembea ukingoni mwa ziwa, matope mpaka magotini, akipumzika mara tatu kila mlima. Mama yako alifurahi aliposikia Zuhudi amemwacha apite.

Njoo, mwanangu. Wilibrodi nimeshamwambia, akupe kiti cha mbele. Jikoni hakuna mtu, na mimi sijui unga unawekwa wapi.

Nimebakiza jambo moja, na sikutaka kukuambia, lakini tumeshafichana vya kutosha. Nilipofika mahali Shumbu anaona paa la nyumba yake, mama yako alinikatiza. Akauliza, "Alipofika nyumbani, alimkuta binti yake?" Nikageuza ukurasa. Nikasoma kwamba alimkuta.

Baba yako,
Marseli