Hamadi Watatu Barazani Kwako, Bibi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo, na nisamehe kwa mwandiko. Mwalimu wa darasa la nne alisema naandika kama kuku aliyetoka kuparura jaani, nami nikamwambia angalau kuku anashiba. Ndiyo maana sikufika la tano. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Weye hukuwa na siri hata ukiwa hai: ukininong'oneza barazani kwetu Viamboni, wenzetu wa Shumba Mjini walikuwa wameshasikia.

Nakukumbuka zaidi msimu huu wa karafuu. Kijiji kizima kilikuwa kikihamia mashambani, waume kwa wake, nawe ukibaki. Alfajiri kina mama walipita na watoto viunoni, wakawatua mmoja mmoja kwenye mkeka wako, wakaenda kuchuma roho zao zimetulia. Kila mmoja alikuachia utepe aliouchana kwenye kanga yake kuukuu, ukamfunga mwanawe mkononi.

"Akilia, amnuse mamake," ulisema.

Utepe ule ndio uliokuwa daftari lako, maana kusoma hukujua. Wa maua mekundu, huyo mpaka aimbiwe ndiyo alale. Wa madoa ya manjano, uji wake usitiwe sukari. Wa mistari ya buluu, pweza asimguse. Watoto ishirini, na hukukosea hata siku moja.

Nilikuuliza wakati mmoja, kwa kiburi changu unachokijua, "Bibi, weye huchoki kufuta makamasi ya watu?"

"Na yako aliyafuta nani, mwanamme?"

Hapo ndipo uliponieleza habari ya mwanao wa kwanza, ambaye hata mama hakumjua. Ulimlaza chini ya mkarafuu, ukapanda kuchuma, na uliposhuka siafu walikuwa wamekutangulia. Ulisema hivyo tu, ukaendelea kumlisha uji mtoto wa watu. Uliwalea wanao waliofuata, ukatulea sisi wajukuu, na bado kila msimu ukaukunjua mkeka ule.

Lakini Bibi, ulikuwa na ulimi! Unakumbuka siku uliyombeba mtoto wa Mzee Shaame, anachemka homa, mguu kwa mguu hadi zahanati? Baba mtu anakufuata nyuma analalama, "Bi Mize, hiyo homa ya meno tu!"

"Basi nifuate hivyo hivyo na meno yako, ukamweleze daktari."

Akakufuata hadi mlangoni, na dawa akaibeba yeye.

Sasa nikupe habari. Mwaka huu msimu umeingia, weye hupo. Mimi nilikuwa mchumaji bora wa shamba letu, asikudanganye mtu, mpaka siku ya tatu nilipotaka kuwaonesha wasichana jinsi ya kusimama tawini bila kushika. Watu wanasema nilianguka. Sikuanguka, niliwahi kushuka. Kifundo kikateguka, nikaachwa nyumbani. Kesho yake alfajiri nasikia hodi, kina mama wamesimama uwanjani kama walivyozoea.

"Wewe si mjukuu wake? Kunjua mkeka."

Vijana wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. "Yaya ana ndevu!" Nikawaambia hata hizo ndevu wao hawana.

Siku ya kwanza nilijiona bingwa. Nikasema bibi yangu alihangaika na vitambaa kwa kuwa hakusoma. Mimi ni msomi, nina daftari na kalamu ya risasi. Nikawavua watoto tepe zote walizofungwa na mama zao, nikazifua, nikazianika, nikaandika majina vizuri kabisa. Kwenye mstari mmoja nikaandika: Hamadi, asipewe pweza.

Bibi, sisi tuna Hamadi watatu.

Na Hamadi wa pweza alikuwa wa Bi Riziki. Unajua mambo yalivyo tangu kura zianze. Watu wa upande wetu na wa upande wao hawazikani, hawanunui duka moja, hata kisimani wanapishana nyuso zimekunjwa. Weye ulikuwa ukisema mtoto hajapiga kura, ukapokea wa huku na wa kule, na baraza lako likabaki peke yake mahali ambapo pande mbili zilikanyaga. Mimi siku ya kwanza tu nikamlisha pweza mtoto wa upande wa pili. Alasiri Bi Riziki anarudi, anamkuta mwanawe midomo imefura, mwili una mabaka.

"Mmemlisha makusudi!"

Nikamjibu kwa jeuri kwamba daftari halikosei. Akamchukua mtoto, akaondoka. Jua lilipozama uvimbe ulishashuka, alhamdulillahi, lakini maneno yalikuwa yameshapanda. Asubuhi mkekani walikuwapo watoto wa upande wetu tu. Wa upande wa pili walikuwa njiani migongoni kwa mama zao, wanaenda kulazwa chini ya mikarafuu.

Niliwatazama wakipita nikawaza siafu. Nikaona lile baraza lililokula umri wako mimi nimelivunja kwa siku moja, tena kwa mchuzi.

Nikamwachia shangazi watoto, nikachechemea hadi kisimani jioni, wanawake wote wapo. Miguu ilitaka kurudi, yote miwili, na ule mbovu ndio uliotangulia. Nikasema, "Bi Riziki, haikuwa siasa. Ni ujinga wangu. Nilizivua tepe za bibi nikajifanya nimesoma."

Akatua ndoo. "Sema tena. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.

"Na hao wa kule mgombani?"

Nikasema mara ya tatu, Bibi, kwa sauti ya muadhini. Mimi! Wakacheka wa huku na wa kule, lakini Bi Riziki hakucheka. Alijitwika ndoo yake akaenda.

Usiku mzima nilijua hatakuja. Alfajiri nimekaa barazani, utepe wa kila mtoto aliyefika nimeshaurudisha mkononi mwake, mara namwona anaingia uwanjani. Hakunisalimu. Alimweka Hamadi mapajani mwangu, na Hamadi, bila kuchelewa, akanikojolea mpaka magotini.

"Ndiyo adhabu yako," akasema, na sasa akacheka, kicheko kikubwa ambacho nyumba yetu haikukisikia kutoka upande wao tangu uondoke. Kisha akashika njia ya shamba. Nilimtazama hadi akapotea mikarafuuni, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nataka ujue hilo tu, Bibi. Mimi sijawa weye, na wakiimbiwa na mimi wanalia zaidi. Ila wako mkekani, wa pande zote, wameshiba. Naikatisha hapa barua kwa sababu Hamadi wa pili amepanda juu ya Hamadi wa tatu, na wa kwanza anaitafuna karatasi hii pembeni.

Mungu akulaze pema, upumzike, maana najua hata huko kama pana watoto hujakaa.

Ni mimi, mjukuu wako uliyemfuta makamasi,
Shumba Viamboni