Baba, Mlolongo Wako Umefika Doha

Mpendwa Baba,

Huko uliko sidhani kama mnapata redio, kwa hiyo acha nikupe habari mwenyewe. Ule mlolongo wako umepanda ndege, umetufikia Doha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia? Mwaka ule kura hazikupigwa kwa karatasi. Watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wao, na wewe ukasimama na yule mwalimu. Foleni yenu ilipita kisima. Ya mpinzani wake haikufika hata mlangoni pa duka. Chifu akahesabu, akakohoa, akatangaza kwamba ile fupi ndiyo ndefu. Tangu siku hiyo uongo wote nyumbani kwetu uliitwa mlolongo. Muuza maziwa akiapa hajatia maji, ulimwambia mlolongo. Mimi nikisema nimeosha miguu, uliitazama, ukasema polepole, "Mlolongo," nami nikarudi kwenye karai. Redio ndiyo uliyoiambia zaidi, na Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Sasa sikia. Chama chetu kinamtafuta wa kupeperusha bendera ya urais, na kabla ya mchujo kila tawi la ng'ambo limetakiwa kusema linamuunga mkono nani. Nilijiunga na tawi la hapa nikidhani tutajadiliana. Mjinga mimi. Wagombea ni wawili, na hata ukiwachemsha pamoja hupati mchuzi.

Wa kwanza tumwite Mheshimiwa, maana ukimwita vingine haitiki. Alikuja Doha mwenyewe, akatuambia sisi walinzi kwamba jua la hapa analielewa, kwa kuwa alitembea kutoka kwenye gari mpaka mlango wa hoteli. Wa pili ni Daktari, ambaye hakuna mgonjwa wala mwanafunzi aliyewahi kumwona. Huyo alituma video, akatusalimia, "Wakenya wenzangu wa Dubai." Na watu wakapiga makofi, Baba. Watu wazima, wanaojua wako nchi gani.

Aliyeuliza la maana ni rafiki yangu Nekesa, anayefanya kazi za nyumbani kule Al Wakrah. Alimwuliza Mheshimiwa, msichana akinyang'anywa pasipoti na mwajiri, ubalozi utamsaidiaje yeye Mheshimiwa akiwa rais? Pasipoti aliyoiulizia ni yake mwenyewe. Mheshimiwa akajibu kwamba ataunda kamati, kisha akaomba apigwe picha naye.

Ijumaa iliyopita tulikutana kwenye ukumbi mmoja Al Thumama, wengine wametoka mbali, kwenye kambi za wafanyakazi za Industrial Area ya huku, na uchovu wao wa wiki nzima. Mwenyekiti wa tawi anaitwa Barasa, na Barasa huyo huyo ndiye msimamizi wangu kazini. Yeye ndiye anayependekeza mkataba wa nani uongezwe, na wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Alinivuta kando, kikombe cha karak, chai yao ya maziwa, mkononi.

"Dada, simama na Mheshimiwa," akasema. "Usiniletee maneno."

Kisha akabandika picha mbili ukutani, akatangaza kwamba ili tusipoteze muda, kila mtu apange foleni kwa mtu wake.

Damu ilinichemka. Niliogopa pia, kwa sababu mkataba ule ndio unaosomesha wanangu. Lakini nilizitazama zile nyuso mbili zinazotabasamu pale ukutani, nikaona haya kwa niaba ya miguu yangu. Nikamshika Nekesa mkono, nikamsimamisha penye ukuta mtupu katikati ya picha, nikasimama nyuma yake. Alininong'oneza niache wazimu. Mpishi mmoja wa hoteli akacheka, akaja nyuma yangu. Wauguzi wakamfuata. Baada ya hapo sikugeuka, ila nilisikia viatu.

Barasa akauliza tumempangia nani foleni.

"Nekesa," nikasema. "Yeye angalau anajua hapa si Dubai."

Alikohoa, Baba, kama chifu wako. Akatangaza kwamba tawi la Qatar limemuunga mkono Mheshimiwa kwa kauli moja. Foleni ya Mheshimiwa ilikuwa na watu wachache, na Barasa mwenyewe akiwemo. Sikupiga kelele. Nilisema neno moja tu, lile letu, na ukumbi ukaangua kicheko, kwani kumbe hata wazee wa wenzangu walikuwa wakiusimulia mlolongo ule.

Juzi niliambiwa mkataba wangu hautaongezwa. Nimelia, sikufichi, kisha nikatoa sanduku chini ya kitanda. Miguu hii ningeiweka pale pale tena. Kinachoniuma ni kumwacha Nekesa. Pasipoti yake bado iko kabatini kwa madam wake, na ile picha aliyopigwa naye Mheshimiwa ameiweka mtandaoni, ameandika chini yake: "Dada zetu wa Ghuba wako moyoni mwangu."

Nakuja nyumbani. Nitapalilia kaburi lako, nikimaliza nitakaa hapo kando nikusomee maneno hayo ya Mheshimiwa. Jibu lako nalijua.

Lala salama, Baba.

Ni mimi, kitindamimba wako, wa pili kwenye foleni