Geuza Mifuko

Shoga, posa ya kaka imeharibika! Babu Rajabu katuaibisha. Kwa korosho, shoga. KOROSHO!

Mwaka 1974 babu alikuwa karani mgeni wa bandari, katokea Tabora. Jumapili moja ya Oktoba akaenda kutembea peke yake, akapanda na kushuka makorongo makavu nyuma ya kijiji cha Naliendele mpaka kwenye kilima kimoja bapa. Kila akishikwa na kiu anachuma bibo mkoroshoni, anafyonza maji, korosho yake anatia mfukoni.

Kufika juu anageuka, msichana huyu hapa, panga mkononi. Kamfuata tangu korongo la kwanza!

"Bibo ni la mpita njia. Korosho ni yangu. Geuza mifuko!"

Akamrudisha makorongo yote, kila korosho ailaze chini ya mti wake. Babu hakumbuki miti. Binti anakumbuka!

"Hapa ulikula mawili, mwizi we!"

Sasa leo tunafika ukweni, bibi wa huyo mchumba wa kaka katokea mlangoni. Ndiye yule yule msichana wa panga! Salamu hakuitikia.

"Geuza mifuko."

Tukacheka. Babu hakucheka. Akageuza, ikadondoka korosho mbichi, ya mti wao pale uani, kaichuma tulipokuwa tunaingia.