Osuri Chini, Mwenyewe Hai

Jumatatu, 5 Aprili 1971
Mimi karani wa samaki, mizani nimeifungua mapema. Samaki wachache tu, ngege. Mitumbwi mingi hapa Luanda Kotieno bado inatengenezwa tangu dhoruba. Mchana wamefika watu wa filamu kutoka Nairobi. Wanataka kupiga picha za walionusurika dhoruba hiyo. Nikavaa shati jeupe.

Jumanne, 6 Aprili
Wamepita kwangu bila kusimama, wakaingia kwa jirani yangu Okech. Paa lake bado limelala kwenye mihogo. Langu niliezeka wiki ileile, nyasi mpya, na osuri juu: ule mti wa kileleni unaoonyesha mwenye nyumba yu hai. Mwenye kamera akaniambia, "Wewe Bwana huna shida. Nitapiga picha ya nini?"

Sina shida! Usiku ule wa dhoruba nililala juu ya watoto wangu, paa likienda.

Jumatano, 7 Aprili
Okech tena. Jioni amekuja kujisifu. "Karani, leo mimi ni mtu mkubwa! Nairobi nzima itaona hii mdomo haina meno."

Sikucheka. Mke wangu Akinyi alicheka mpaka akashika ukuta. Limeniuma hilo. Nina wivu. Uvivu wake umemfanya mtu.

Alhamisi, 8 Aprili
Akinyi alikwenda sokoni na watoto. Nikaweka ngazi, nikashusha nyasi upande wa barabara. Watu wa filamu walikuwa kwa Okech; wakitoka wataona. Osuri ilikuwa inanizuia. Nikaing'oa, nikaitupa uani, nikaingia ndani kunywa maji.

Kwetu osuri hung'olewa mwenye nyumba akifa.

Mama yangu alirudi kutoka ziwani, akaiona chini. Akapiga mayowe. Wa kwanza kufika alikuwa Okech, mbio, miguu mitupu, analia: "Karani! Ndugu yangu!" Nikatoka na kikombe mkononi. Akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akanipiga bega. "Mjinga wewe! Nani anang'oa osuri yake mwenyewe?"

Nilisema paa linavuja. Uongo. Mama alikaa chini.

Watu wa filamu wameondoka na feri. Mvua imenyesha. Tumelala sote jikoni kwa Mama.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili
Okech amekuja na nyasi alizokata kwa ajili ya paa lake. Tumeezeka pamoja. Mama amesimama chini mpaka osuri iliporudi juu. Nimemshukuru Okech. Wivu haujaisha.

Jumamosi, 7 Agosti
Gari la sinema limekuja. Shuka limetundikwa kwenye ukuta wa stoo ya samaki. Okech alikaa mbele kabisa, na watu wakimshangilia.

Kwenye picha anaeleza upepo ulivyoanza. Mara anageuza kichwa. Anasikiliza. Anasimama katikati ya neno, kigoda kinaanguka, anatoka mbio. Kamera imebaki inatazama kigoda.

Watu walicheka sana. "Okech, ulikumbuka pombe?" Naye akacheka nao, hakueleza kitu.

Mimi najua alisikia mayowe ya nani, na alikuwa anakimbilia wapi. Akinyi pia. Alinishika mkono.

Kesho nikitoka kanisani nitapeleka ngazi kwa Okech. Paa lake bado liko kwenye mihogo.