Sauti Niliyomwibia Mwanangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mama mwenzio. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, mimi shule niliishia darasa la nne na barua hii naiandikia juu ya cherehani, kwa hiyo ukiona mistari imepinda ujue ni mkono tu, akili bado iko sawa.

Nina binti mmoja, utotoni nilimwita Chiriku kwa kuwa alikuwa akiamka anaongea na akilala bado anaongea, na jina hilo siku hizi nalitumia mimi peke yangu. Sasa ana miaka ishirini na sita, anapokea simu kwenye ofisi ya vifurushi, na tunaishi wawili tu, vyumba viwili na ukuta mwembamba katikati. Mwaka jana alinunua kidude cheusi kidogo kama kibiriti, yeye anakiita amplifaya, kina kibanio cha kukishikiza kwenye ukosi, unachomeka waya wa hedifoni zile ndogo za kupachika masikioni, nacho kinavuta sauti kutoka kwenye simu kwa blututhi halafu kinaikuza. Basi mshauri, kidude hakitoki mwilini. Anaosha vyombo nacho, anafagia nacho, anakwenda nacho kazini, akirudi bado kimemng'ang'ania kama mtoto mwenye homa. Mimi kwa uchungu nikakipa jina la Mkwe, maana nilisema huyu ndiye mwanamume pekee anayesikilizwa humu ndani. Asubuhi namwuliza, "Mkwe ameamkaje?" naye anacheka, "Ameamka na chaji kamili, mama."

Lakini miezi hii nikimwita mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ndipo anageuka, "Abee mama, uliniita?" na hata akiwa amevua hedifoni ni hivyo hivyo. Nikaona ni dharau. Nimemsema sana, mshauri. Siku moja mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gauni nilisema kwamba mimi nimezaa ukuta. Alitazama tu midomo yangu, nami nikadhani ananipima.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi asubuhi alikwenda kuoga akamwacha Mkwe juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, taa yake ndogo ya buluu inawaka, simu akaiacha chumbani kwake. Nikasema leo nitajua huyu anamwambia nini mwanangu, nikapachika hedifoni masikioni. Kimya. Nikaendelea kushikiza pindo nikingoja muziki, mara Chiriku akarudi chumbani akafunga mlango, na ghafla sauti ya mwanamke ikalipuka kichwani mwangu, nusura nimeze pini niliyokuwa nimeibana kwa meno. Ni rafiki yake wa kazini, alimtumia ujumbe wa sauti: "Shoga, hilo sikio la kulia ukilinyamazia litaharibika kabisa. Nenda ukapimwe. Na mama yako mwambie, ni mama yako yule!" Hapo nikajua kwa nini sauti ya kidude imefunguliwa mpaka mwisho, na kwa nini tukiongea ananigeuzia shavu la kushoto.

Nikiwa bado na hedifoni masikioni, nikamsikia ng'ambo ya ukuta akisema peke yake, "Mbona kimya?" Ujumbe ukaanza upya masikioni mwangu. "Mbona sisikii?" Ukaanza tena. Mshauri, sauti yote ilikuwa inakuja kwangu, na mwanangu ameweka simu kwenye sikio la kushoto, lile zima, anasikiliza hewa. Nami badala ya kupaza sauti nimwambie niko nayo mimi, nikazima kidude, nikakirudisha pale pale, nikakanyaga cherehani mbiombio kama mtu anayekimbizwa, na wala haikuwa na uzi.

Alitoka macho mekundu. Mchana nikamsikia akiongea na yule rafiki kwenye simu, maana siku hizi anaongea kwa sauti kubwa bila kujua. "Hata lile zima limeanza," alisema. "Leo lilikata kabisa, halafu likarudi. Mwisho wa mwezi naandika barua ya kuacha kazi kabla hawajaniondoa. Mama asijue. Akijua atalia, na mimi siwezi kubeba masikio yangu na machozi yake kwa pamoja."

Sasa nifanye nini? Nikimwambia, atajua nilimchungulia siri yake na labda atahama aniache, na mimi sina mwingine. Nikinyamaza, ataacha kazi anayoipenda kwa ugonjwa ambao sikio lake la kushoto halina. Na kuna jingine, alipokuwa mdogo sikio lile la kulia lilitoa usaha nikasema litapona lenyewe, nikachelewa kumpeleka hospitali. Je, ni mimi niliyemharibu? Na hicho kidude nikitupe? Usingizi sina, chakula hakishuki. Nisaidie, mwenzio nimekwama.

Mama wa cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa cherehani, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote, maana mwisho wa mwezi hausubiri foleni ya gazeti. Pole sana. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kukukumbatia kwanza, halafu nikutikise mabega.

Kuvaa hedifoni za mtoto ili ujue anasikiliza nini, hilo ni kosa, lakini ni kosa la mama aliyemkosa mwanawe ndani ya nyumba moja. Kukanyaga cherehani isiyo na uzi wakati mtoto analia ng'ambo ya ukuta, hilo ndilo kubwa. Na unalirudia kila siku unayonyamaza. Lirekebishe leo.

Usimwite kutoka jikoni. Nenda usimame mbele yake, mwanga ukiwa usoni pako ili aione midomo yako, umkabidhi Mkwe mkononi, umwambie hivi: "Jumamosi sikio lako halikukata. Sauti ilikuwa kwangu. Nilivaa hedifoni zako, nikasikia, nikaogopa." Basi. Usianze na habari za uchungu wa uzazi. Akikataa kuamini, vaa tena hedifoni, mwambie afungulie ujumbe wowote kwenye simu yake, aone mwenyewe jinsi simu inavyokaa kimya mkononi mwake huku wewe ukimtajia kila neno.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Ila hasira ya mtu aliyegundua kwamba bado anasikia unaweza kuivumilia. Na lile neno la kuzaa ukuta ulirudishe siku hiyo hiyo. Ulilisema mbele ya mteja, kwa hiyo mteja huyo akija kuchukua gauni lake na yeye umwambie ulikosea.

Kidude usikitupe, mama. Watu wengi wanasikiliza mambo yao kila siku kwa vidude kama hivyo, kwa sauti ya kiasi, na hawajadhurika. Lakini kimetengenezwa kwa muziki na simu. Hakikupimwa kwa sikio la mwanao, na vifaa vya wasiosikia vizuri vipo vyake, hutolewa baada ya vipimo. Chiriku akiendelea kukifungua mpaka mwisho ili kulifidia sikio la kulia, atalichosha na la kushoto, na hapo ule uongo uliouacha kwa kunyamaza utageuka kweli. Mkwe abaki nyumbani, apewe masharti: sauti ishuke, na masikio yapumzike.

Wiki hii hii mwende kwa daktari wa masikio. Wewe uende kama mtu wa kumsindikiza. Habari ya usaha mweleze daktari, kwa sababu inaweza kumsaidia, usiieleze kama mtu anayeungama. Kama ndicho chanzo au sicho, atasema yeye, na wewe ulikuwa mama peke yako mwenye kazi nyingi kuliko mikono. Barua ya kuacha kazi isiandikwe mpaka majibu yatoke. Akishayapata, azungumze na mkuu wake akiwa na karatasi ya daktari, badala ya hofu.

Na machozi yako, mama, mwanao amekwisha kusema hana pa kuyaweka. Niandikie mimi, ulie humu, karatasi itavumilia. Mbele yake ubaki na macho makavu kwa muda wa kumaliza sentensi tatu.

Kisha siku mkitoka hospitali, ukitaka kujua anasikiliza nini kutwa nzima, muulize. Hedifoni zake zina pande mbili, na ile ya sikio la kulia kwa sasa haina kazi kubwa. Kaa karibu naye, umwombe akupe wewe hiyo.